Mboji, Urani na Chupa za Mateteni

Siku yangu ya kwanza kazini sikupima maji hata tone. Nilitoka Milola alfajiri nikiwa nimevaa sketi iliyopigwa pasi ya mkaa, cheti changu cha ufundi sanifu nimekifunga ndani ya kanga kisipate vumbi, na moyoni najiona mtaalamu kamili. Mkuu wa Maabara, mzee wa Kimakonde mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza nimekuja kufanya nini.

"Kupima maji, mzee."

"Maji utapima. Kwanza kaoshe chupa."

Nikaziosha. Nilipodhani nimemaliza akaja, akachukua moja, akaitia puani, akanirudishia. Wiki nzima nilikuwa mtu wa brashi na sabuni, nikaanza kununa. Katika nyumba yetu mimi ndiye niliyetangulia kufika chuo, na mama alikwisha kuwatangazia majirani kwamba bintiye anafanya kazi ya sayansi huko Lindi mjini. Sikujua ningewaeleza nini kuhusu zile brashi. Mwisho wa wiki mzee akanivutia kiti.

"Binti, mashine haijui kudanganya, lakini haijui kukataa pia," alisema. "Chupa ikija na uongo, mashine itausoma uongo huo vizuri kabisa, na sisi tutauandika kama ukweli. Ndiyo maana kazi yetu inaanzia kwenye chupa."

Vijana wa maabara mliniomba nieleze jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi, nami nimeona nianze na hapo, kwa sababu siku hizi nawaona mnaipiga chupa picha kabla ya kuiosha. Msinikasirikie. Mimi nimestaafu, ruhusa ya kusema ninayo.

Basi kuchukua sampuli kulikuwa hivi, na naamini bado ni hivi. Chupa unaisuuza kwa maji yaleyale unayokwenda kuyapima, unamwaga, unasuuza tena, ndipo unajaza mpaka shingoni na kuziba pasipo kuacha hewa. Hapohapo kisimani unapima joto la maji na ukali wa asidi yake, kwa maana vitu hivyo hubadilika njiani. Ukiwa unatafuta madini, unatia tone la asidi ndani ya chupa, kwani madini mengi hupenda kujibandika kwenye kuta zake, na ukizembea utafika maabara na maji matupu. Mwisho unatazama rangi. Mzee wangu alikuwa mkali sana juu ya rangi. Tuliilinganisha na vioo vya rangi vilivyopangwa kuanzia cheupe mpaka cha hudhurungi, mchana, dirishani, si chini ya taa.

Rangi ndiyo iliyonifundisha habari ya mboji. Siku moja nilirudi kutoka bonde la mpunga na chupa ya maji yaliyofanana na chai ya rangi. Nikadhani ni tope, nikayapitisha kwenye kichujio, ile karatasi yenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Yakatoka na rangi ileile. Nikabadilisha karatasi nikarudia. Mzee akawa ananitazama tu mpaka nilipochoka.

"Hilo si tope," alisema. "Tope lingebaki juu ya karatasi. Hiyo ni mboji iliyoyeyuka. Majani ya matete yameoza, mizizi imeoza, yamelowana miaka na miaka, yakatoa rangi yake ndani ya maji. Wewe ukitia majani ya chai kwenye birika unapata tope?"

"Hapana, mzee."

"Basi. Na usiidharau. Mboji ina mikono mingi. Ikikutana na chuma huko chini, inakishika na kuondoka nacho."

Nilicheka kidogo kwa ile mikono, lakini nilikariri.

Baadaye nilihamishiwa Kilwa Masoko, chini ya Mhandisi wa Maji wa Wilaya. Huyu alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye tabia ya kuonja kila kisima. Kazi yetu kubwa huko ilikuwa chumvi. Visima vya pwani vikivutwa maji kupita kiasi, bahari huingia chini kwa chini kujaza nafasi, na watu wa Kinjumbi walikuwa wakilalamika kwamba chai yao haikubali sukari. Mimi natumbukiza kipimo cha upitishaji umeme, kinachoonyesha wingi wa chumvi, yeye anachota kwa kiganja na kunywa.

"Mimi ulimi wangu hauhitaji betri," alipenda kusema, na mara nyingi alikuwa sahihi. Ila ulimi hausikii kila kitu. Nilimwambia hivyo siku moja akacheka mpaka akakaa chini. Tulielewana sana, na jambo hili nalitaja kwa sababu baadaye tulikuja kuvutana.

Nilipita vituo vingine ambavyo sitavichosha vichwa vyenu kwavyo. Mzee wangu wa maabara alistaafu, Mwenyezi Mungu amrehemu, na Mhandisi akapanda kuwa wa Mkoa. Mimi nilirudi Lindi nikiwa fundi mkuu. Wakati huo uliletwa mradi wa kuchimba visima virefu vijijini, na pamoja nao akaja Mjiolojia, kijana mrefu aliyetembea na nyundo kiunoni na kuzungumza na mawe kuliko alivyozungumza na watu. Ndiye aliyetuletea neno jipya katika orodha ya vipimo vyetu: urani.

Urani ni madini ya mionzi. Wengi wakisikia mionzi wanafikiria mabomu, lakini urani imo kidogokidogo katika mawe mengi tu, tangu dunia ilipoumbwa, na maji yakipita juu yake huiyeyusha kidogo. Ikizidi katika maji ya kunywa huumiza figo taratibu, pasipo homa wala upele, mtu asijue. Haina ladha. Haina harufu. Ulimi wa Mhandisi usingeisikia kamwe. Sisi Lindi hatukuwa na mashine ya kuipima, kwa hiyo chupa zake zilisafiri kwa basi mpaka maabara ya mionzi iliyo mbali, na majibu tuliyangoja.

Kijiji nilichotaka kuwasimulia nitakiita Mateteni. Hilo si jina lake. Wenyewe hawajanipa ruhusa ya kulitaja. Kiko bara kidogo kutoka Kiswere, watu wake wanalima korosho na muhogo, na mpunga kwenye bonde lenye matete. Walikuwa na kisima kimoja cha zamani, cha chumvi, mbali upande wa pili wa kilima. Wanawake walikwenda huko asubuhi na kurudi jua limeshakuwa kali. Mradi ulichimba kisima kirefu ukingoni mwa bonde, maji yakapatikana mengi, matamu, na ya rangi ya chai. Mpango ulikuwa kuweka pampu ya mkono kwanza, kisha pampu ya sola, tangi, na mabomba ya kupeleka maji shuleni na kwenye zahanati.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Bi Somoe, mama wa makamo ya mwisho, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba. Yeye ndiye aliyekwenda kugonga milango ya ofisi mpaka kisima kikachimbwa. Aliwaahidi wanawake wa Mateteni kwamba hawatapanda tena kile kilima, nao walimwamini, na hilo ndilo lililokuwa limemsimamisha mbele za watu.

Sampuli ya siku ya uchimbaji ilirudi na urani iliyopita kiwango kinachokubalika. Tulikaa na Mjiolojia chini ya turubai la gari lake, akanichorea mchangani.

"Vile vilima nyuma ya kijiji vina mawe yenye urani kidogo," alisema. "Maji ya mvua yanapita humo, yanashuka bondeni, yanaingia kwenye huu mchanga mwekundu, ndipo yanafika kisimani. Sasa, huu wekundu ni kutu ya chuma. Urani ikipita peke yake, kila chembe ya mchanga yenye kutu inaivuta na kuishika. Haifiki mbali."

"Mbona imefika?"

"Huenda ni vurugu za kuchimba. Tumetibua. Au ni hii rangi." Akaonyesha ndoo. "Mboji ni kitu cha ajabu. Ile nzito, iliyolala bondeni, inashika urani na kuizuia, kwa hiyo ni mlinzi mzuri. Lakini ile laini, iliyoyeyuka, inaishika vilevile halafu inatembea nayo. Urani iliyobebwa na mboji inapita katikati ya mchanga kama mtoto aliye mgongoni mwa mama yake. Haguswi na mtu. Kwa hiyo tuangalie rangi. Kisima kikipigwa pampu miezi kadhaa, rangi ikaondoka na urani ikashuka, tumepona. Rangi ikibaki, tuna kazi."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Lilikuwa jibu la mtu anayekubali kungoja.

Kungoja kwenyewe kuliangukia masika. Barabara ya Mateteni masika haipitiki kwa gari, kwa hiyo tuliwaachia kamati chupa safi, nikawafundisha kusuuza na kuziba, nao wakawa wanazileta barabara kuu kwa bodaboda, tone la asidi tunatia sisi. Kijijini walisema wanapiga pampu kila siku. Mwezi wa kwanza chupa zikaja nyeupe. Mwezi uliofuata nyeupe. Majibu ya urani yakarudi chini ya kiwango, mara zote. Mjiolojia akafurahi, mimi nikafurahi, na Mhandisi wa Mkoa akafurahi kupita sisi sote. Mafundi wa sola wakaitwa, mabomba yakalazwa, siku ya uzinduzi ikapangwa na mgeni rasmi akaalikwa.

Sheria yetu ilikuwa kwamba kabla ya kufungulia mabomba, fundi wa maabara achukue sampuli ya mwisho kwa mkono wake. Nikaenda, jua la kiangazi limeshakausha barabara. Nilifikia kwa Bi Somoe kwanza, kwani huwezi kupita nyumba ya mwenyekiti ukaenda kisimani kama mgambo.

"Hodi hapa. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu ndani. Za Lindi?"

"Nzuri, mama. Habari za hapa?"

"Alhamdulillah. Tunangoja siku yetu tu."

Akaniletea maji kwenye kikombe cha bati, meupe, ya baridi ya mtungi. Nikanywa nikayasifia kwa moyo. Kisha tukashuka naye kisimani, nikashika pampu mwenyewe. Ndoo ikajaa maji ya rangi ya chai, ileile niliyoiona siku ya uchimbaji.

Nilidhani bomba limekaa sana. Nikapiga pampu mpaka mabega yakauma, rangi haikubadilika. Nikayapitisha kwenye kichujio, yakatoka na rangi yake, kwa hiyo halikuwa tope. Nikasimama pale nimeshika chupa, maana nilikwisha kuelewa kwamba zile chupa nyeupe hazikutoka katika kisima hiki zikiwa hivyo.

"Mama," nilimwambia, "maji uliyonipa nyumbani ni ya wapi?"

"Ya hapahapa."

"Mbona meupe?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa jinsi ya kusonga ugali. "Si nimeyatia mlonge? Unamenya mbegu, unatwanga, unakoroga kwenye ndoo, unaacha. Uchafu unajikusanya unakwenda chini, wewe unachota juu. Mgeni hapewi maji ya rangi."

Mbegu za mlonge mnazijua. Unga wake hukusanya vitu vilivyo vyepesi katika maji, vikawa mabonge, vikazama, kama shabu inavyofanya. Kwetu Milola tunafanya hivyo kwa maji ya mto. Nikamwuliza swali ambalo nililiogopa.

"Na zile chupa za Lindi, mama?"

"Nazo nilizitia ya mlonge, tena ya kuchujwa kwa kitambaa cheupe. Hebu niambie, wewe ukialikwa arusini unakwenda na nguo ya shambani? Maji yanakwenda kwa wakubwa, yafike na rangi ile? Wangesema watu wa Mateteni wachafu."

Mliokulia kwenye miji mtacheka. Mimi sikucheka. Mama yangu angefanya vilevile, na angenisuta kama ningemkataza. Katika mafunzo yangu niliwaambia wasuuze, wajaze, wazibe. Hapakuwa na mtu wa kufikiria kuwaambia wasiyasafishe, kwa sababu hakuna kitabu cha maabara kilichoandikwa na mtu anayejua aibu ya kumpa mgeni maji machafu.

Nikachukua chupa tatu: ya maji ya pampu, ya maji meupe ya mtungini, na ya mashapo, yaani lile zito la hudhurungi lililobaki chini ya ndoo. Nikamweleza Bi Somoe kwamba uzinduzi itabidi ungoje majibu.

Nilipompigia simu Mhandisi, hakuzungumza kama yule mcheshi wa Kilwa.

"Unataka nimwambie nini mgeni rasmi? Kwamba kuna bibi ametia mlonge?"

"Mwambie majibu hayajatoka, mhandisi."

"Yametoka. Yapo hapa mezani kwangu, miezi yote hiyo, safi."

"Ni majibu ya maji mengine. Ni ya maji yaliyokwisha kusafishwa. Ukifungulia bomba, hayo siyo yatakayotoka."

Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba nimemweka pabaya, na akakata. Lakini barua ya kuahirisha aliiandika mwenyewe siku hiyohiyo, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Majibu yalirudi. Maji ya pampu yalikuwa na urani kama siku ya kwanza. Maji ya mtungini yalikuwa nayo kidogo sana. Mashapo ndiyo yaliyokuwa nayo tele. Mjiolojia aliziweka karatasi tatu juu ya boneti ya gari akazitazama kwa muda mrefu. Aliwaza sawasawa tangu mwanzo, ila chupa alizozitegemea ndizo hazikuwa sawa. Mboji laini ndiyo iliyokuwa ikiipitisha urani katikati ya mchanga mwekundu, na mlonge ulipoivuta mboji chini, urani ikashuka nayo.

"Kumbe abiria alikuwa na gari lake muda wote," alisema, akakunja karatasi.

Tulikwenda wote wawili kumwambia Bi Somoe kabla ya mkutano wa kijiji. Alitusikiliza akichambua choroko kwenye ungo. Tulipomaliza akaniambia mimi, si Mjiolojia.

"Mwanangu, ngoja nikuulize. Umesema maji ya mlonge hayana tatizo."

"Yana nafuu kubwa, mama."

"Basi sisi tunayanywa ya mlonge. Miaka yote tunasafisha. Kwa hiyo chupa zangu hazikusema uongo. Zimesema tunachokunywa. Kwa nini utupandishe tena kilimani?"

Nakiri swali lile lilinibana. Lilikuwa swali la haki.

"Hapa kwako ni kweli," nilimwambia. "Lakini mabomba yanakwenda shuleni. Mtoto ametoka kucheza, ana kiu, anainama bombani. Nani atamtilia mlonge?"

Aliendelea kuchambua. Nilisikia choroko zikianguka moja moja kwenye ungo, na nilimwonea uchungu, kwa kuwa nilijua ninamvua kitu ambacho hakukipata kwa urahisi. Mwishowe akauweka ungo chini.

"Mtoto hana subira hiyo," alisema.

Kisha akauliza juu ya mashapo, kwa maana alikuwa akiyamwaga kwenye tuta la mchicha nyuma ya jiko. Mjiolojia akamwambia asile tena mchicha wa tuta lile, na mashapo yafukiwe shimoni mbali na maji. Akaitikia kwa kichwa. Mimi na Mjiolojia tulikuwa tumejigawia maneno ya kusema mkutanoni, ya kitaalamu na ya kupoza. Hatukuyahitaji. Mwenyekiti wa kijiji alipofungua tu mkutano, Bi Somoe alisimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Chupa nilizijaza mimi," alisema. "Nilitaka tusionekane wachafu. Maji ya pampu yana kitu kisichoonekana, kinachoumiza figo, kinapanda ndani ya ile rangi. Sisi tunaotia mlonge kinatupungukia. Watoto watakaokunywa bombani kitawaingia chote. Kwa hiyo bomba lisifunguliwe. Tutarudi kisima cha zamani mpaka tupate kingine. Anayetaka kunisema anisemee hapa, asinisemee nyuma."

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni aliinuka akaondoka, na wengine wakamfuata. Hakuna aliyemtukana. Lakini nilipita tena Mateteni baada ya hapo, nikawaona asubuhi wakipanda kilima na madumu, na Bi Somoe akiwa nyuma peke yake. Nilimwamkia, aliitikia marahaba, akaendelea na safari. Hakusema karibu ndani. Kwa watu wetu hilo ni neno zito kuliko matusi, na liliniumiza.

Mjiolojia alitafuta mahali pengine kwa muda mrefu. Alitaka maji ambayo hayajapita bondeni wala kwenye yale mawe ya nyuma, yaani upande mwingine kabisa wa kijiji, ndani zaidi. Fedha za mradi zilikuwa zimelala kwenye mabomba ambayo hayana maji, na Mhandisi alizunguka ofisi nyingi akiomba nyingine. Masika yakaja, yakapita, yakaja tena. Mimi nikawa nahesabiwa kustaafu. Ofisini walikwisha kuanza kuniita bibi, na Mkuu wa Maabara mpya, mama kijana mwenye shahada mbili, alikuwa akiniuliza kwa adabu nitamwachia nani funguo za stoo.

Kisima kipya kilipochimbwa, sampuli ya kwanza haikuletwa na bodaboda. Aliileta Bi Somoe mwenyewe, kwa basi, chupa ameiweka ndani ya kikapu na kuizungushia kitambaa. Maji yalikuwa mekundu kwa vumbi la mawe, mabaya kuyatazama.

"Nimeyaona machafu," alisema, "nimeyaacha hivyohivyo."

Niliishika ile chupa kwa mikono miwili. Nikaipeleka ndani. Lile vumbi lilikuwa tope la kawaida, lilibaki lote juu ya karatasi ya kichujio, na maji yakatoka meupe. Majibu ya urani yalichelewa, mimi nikastaafu kabla hayajafika. Yalipokuja, Mkuu wa Maabara alinipigia simu Milola kunisomea, ingawa hakulazimika. Yalikuwa salama. Walirudia mara kadhaa, kiangazi na masika, kwa mikono yao wenyewe, yakabaki salama.

Sasa niko nyumbani. Asubuhi naokota korosho, jioni nagombana na mbuzi wa jirani. Wakati mwingine mnaniuliza ni mashine gani iliyokuwa bora zaidi katika wakati wangu, na nawaona mkisikitika ninapokosa jibu. Mashine zilikuja na kuondoka. Nilichojifunza juu ya urani na mboji ni kwamba kitu kinachoshikwa na jiwe leo, kesho kinaweza kupita kama kimepata wa kukibeba, na kwamba asiyejua jinsi watu wanavyoishi na maji yao atapima nusu tu ya maji hayo. Hilo lingine sikulisoma chuoni. Na nyie mkienda vijijini, ulizeni kwanza maji yamefanywa nini kabla hayajafika kwenye chupa, ulizeni kwa heshima, na mkipewa kikombe mnywe.

Nilialikwa Mateteni siku bomba la shule lilipofunguliwa. Mgeni rasmi alihutubia, Mhandisi alionja kwa kiganja akatikisa kichwa kwa furaha, watu wakapiga vigelegele. Walipokwisha kuondoka wakubwa, nilibaki kivulini mwa ukuta wa darasa na Bi Somoe akaja kukaa karibu nami. Amezeeka. Alijishika goti alipokaa.

"Umenitembeza, mwanangu," alisema.

"Najua, mama."

Watoto walikuwa wakisukumana bombani. Msichana mmoja mdogo alipenya, akainama, akafungua mdomo chini ya maji akanywa mpaka akakohoa, akajifuta kwa mkono wa sare, akanywa tena.

"Yule pale," Bi Somoe alisema, "hajui kama kuna mtu alitembea."

Tukamtazama mpaka aliposhiba na kukimbia.